Neno "Mulier" katika Sheria, Biblia na Kanisa: Mwanamke, Mke au Binadamu?

Utangulizi

Mwanafunzi wa theolojia aanzapo kusoma maandiko ya mababa wa Kanisa la Magharibi hukutana mapema na neno la Kilatini "mulier". Kamusi humpa maana mbili, yaani mwanamke na mke. Aghalabu huiandika mojawapo pembezoni mwa kitabu chake na kuendelea na kazi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kuchagua kati ya maana hizo mbili si jambo dogo. Kwa karne nyingi wanasheria, maaskofu na wafasiri wamebishana juu ya neno hili, na majibu yao yaliamua nani afunike kichwa ibadani, kama mtumishi wa madhabahu aruhusiwe kuoa, nani ahesabiwe kuwa shemasi, na hata kama mwanamke aweza kuitwa binadamu.

Msomaji wa Kiswahili ana faida fulani katika jambo hili. Lugha yetu nayo huunganisha maneno hayo mawili kwa shina moja, kwani "mwanamke" na "mke" ni ndugu. Hata hivyo tunayatenga katika matumizi, wala hakuna amwitaye binti asiyeolewa "mke wa" mtu. Mlatini hakuwa na utengano huo ndani ya neno "mulier" lenyewe. Alilazimika kuitafuta maana katika mazingira ya sentensi, na hapo ndipo mabishano yalipozaliwa.

1. Neno na wenzake

Kilatini kilikuwa na maneno kadhaa ya kumtaja mtu wa kike. "Uxor" ni mke wa ndoa, na "coniunx" ni mwenzi wa ndoa. "Virgo" ni bikira au mwali. "Matrona" ni mke wa heshima mwenye nyumba yake, na "domina" ni bibi mwenye mamlaka. "Femina" ni neno la jinsia, ambalo hutumika pia kwa wanyama, kama vile sisi tusemavyo "jike". Lakini "mulier" halitumiki kwa wanyama. Hilo ni neno la mtu tu, na kwa kawaida ni mtu mzima.

Ingetazamiwa kwamba neno la mtu liwe na heshima kuliko neno litumikalo pia kwa ng'ombe. Lakini sivyo lugha iendavyo. Waandishi wengi wa Roma ya kale walipendelea "femina" walipomsifu mwanamke wa ukoo bora, na "mulier" walipomtaja mwanamke wa kawaida au walipotaka kumshusha mtu. Cicero, alipomtetea Caelius mahakamani mwaka 56 K.K., alimwita Clodia "mulier" tena na tena, ingawa alikuwa binti wa mojawapo ya koo kuu za Roma. Wasikilizaji wake hawakuhitaji maelezo.

Juu ya asili ya neno, wataalamu wa lugha hawajakubaliana hata leo. Watu wa kale, hata hivyo, walikuwa na jibu. Lactantius, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 4, anamtaja Varro kuwa alilitoa neno "mulier" katika "mollities", maana yake ulaini au ulegevu, hali "vir", mwanamume, likihusishwa na "vis", nguvu. Askofu Isidorus wa Sevilla, aliyefariki mwaka 636, aliiweka maelezo hayo katika kitabu chake kikubwa cha asili za maneno, na Zama za Kati zote zikajifunza kwake. Hivyo udhaifu wa mwanamke ukawa kama jambo lililothibitishwa na sarufi. Mwishoni mwa karne ya 15 mtawa Heinrich Kramer, katika kitabu chake cha kuwasaka wachawi, alikwenda mbali zaidi na kudai kwamba "femina" limetokana na "fe" na "minus", yaani mwenye upungufu wa imani. Maelezo hayo ni ya uongo kabisa kwa upande wa lugha. "Femina" ni neno la ukoo mmoja na maneno ya kunyonyesha na ya uzazi. Lakini kitabu hicho kilichapwa mara nyingi, na waliohukumiwa kwa mafundisho ya namna hiyo hawakuulizwa habari za sarufi. Twaona hapa kwamba asili ya neno iliyobuniwa yaweza kudhuru kuliko kosa la wazi, kwa sababu huvaa joho la elimu.

2. Mulier mbele ya sheria

Wanasheria wa Roma walihitaji usahihi, maana wosia na mikataba ilitegemea neno. Katika mkusanyiko wa sheria uitwao Digesta, uliotangazwa na Kaisari Justinianus mwaka 533, imo sehemu nzima ya maana za maneno. Humo Ulpianus, mwanasheria wa mwanzo wa karne ya 3, anaeleza kwamba jina la "mulier" humjumuisha pia bikira aliyefikia umri wa kuolewa. Kama sheria ililazimika kutamka hivyo, ni dhahiri kwamba watu wengine waliona vinginevyo. Kwao, "mulier" alikuwa yule aliyekwisha kumjua mume.

Ulpianus mwenyewe alilitumia neno kwa maana hiyo nyembamba mahali pengine, na mfano wake unatisha. Anazungumzia mnunuzi wa mtumwa. Mtu akidhani ananunua "virgo", kumbe ni "mulier", mauzo ni halali, kwa kuwa hakukosea jinsia. Lakini muuzaji akikusudia "mulier" na mnunuzi akidhani ni mvulana, mauzo ni batili. Hapa tofauti ya maneno haikumlinda yule aliyeuzwa. Ilipima tu kama mnunuzi alipata alichokilipia. Sisi tunaotoka katika pwani na bara zilizojua soko la watumwa hatuwezi kusoma mfano huo kama zoezi la sarufi tu.

Katika sehemu ile ile ya maana za maneno, Gaius, mwanasheria wa karne ya 2, anasema kwamba hakuna shaka kuwa neno "homo", binadamu, humhusu mwanamke kama limhusuvyo mwanamume. Na tulikumbuke neno hilo, maana tutalirudia.

Zama za Kati zilileta mgeuko mwingine. Katika sheria ya Uingereza neno "mulier" lilikuja kumaanisha mke halali, na mtoto wake akaitwa kwa jina hilo ili kumtofautisha na mtoto wa nje ya ndoa. Neno ambalo Cicero alilitumia kumshushia mtu heshima likawa cheti cha uhalali wa kurithi shamba.

3. Tertullianus na mabikira wa Karthago

Mwanzoni mwa karne ya 3 huko Karthago, Afrika ya Kaskazini, walikuwako mabikira waliojiweka wakfu kwa Mungu, ambao walihudhuria ibada bila kufunika vichwa. Waliowatetea walitoa hoja ya neno. Walisema Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 11 anaagiza habari za "mulier", na bikira si "mulier".

Tertullianus aliandika kitabu kizima kuwapinga. Alisema "mulier" ni jina la jumla na "virgo" ni jina la sehemu, na kila sehemu imo ndani ya jumla yake. Hawa, alisema, aliitwa "mulier" kabla hajamjua mumewe. Malaika alimhesabu Mariamu kati ya wanawake, naye alikuwa bikira. Tena Paulo anasema katika Wagalatia 4:4 kwamba Mwana wa Mungu alizaliwa na "mulier". Kwa upande wa lugha Tertullianus alikuwa na haki, naye aliafikiana na Ulpianus, aliyeishi katika kizazi chake.

Lakini tuone matokeo. Maana pana ya neno, ambayo sisi leo tungedhani ni rafiki wa wanawake, ilitumika kuondoa uhuru ambao wanawake wachache walikuwa nao. Kwa hiyo tusifanye haraka kusema kwamba maana fulani ya neno daima huinua na nyingine daima huonea. Yatupasa kuuliza kila mara ni nani anayelitumia na kwa ajili ya nini.

4. "Dada mulier": mke au mtumishi?

Swali gumu zaidi lilikuja katika 1 Wakorintho 9:5, ambapo Paulo anadai haki ya kusafiri na mwanamke aliye ndugu katika imani, kama walivyofanya mitume wengine, na ndugu wa Bwana, na Kefa. Kigiriki kina "gyne", neno lenye maana mbili zile zile, na tafsiri ya Kilatini ikaweka "mulier", ambalo halikuupunguza utata huo.

Tertullianus, katika kitabu chake cha kuwahimiza watu juu ya usafi wa mwili, alikubali kwamba mitume waliruhusiwa kuoa na kusafiri na wake zao. Baadaye, alipoandika juu ya kuoa mara moja tu, aliligeuza jibu lake. Hao, alisema, hawakuwa wake bali wanawake waliowahudumia mitume kama wengine walivyomhudumia Bwana. Fungu lilikuwa lile lile na neno lile lile. Lililobadilika ni msimamo wa mwandishi juu ya ndoa.

Hieronymus, ambaye wengi humfahamu kwa jina la Jerome, aliifuata njia hiyo ya pili alipoandika dhidi ya Jovinianus mnamo mwaka 393, akiitetea heshima ya ubikira juu ya ndoa. Klementi wa Aleksandria alikuwa amekwisha kutoa jibu la tatu. Kwake, mitume walisafiri na wake zao, lakini waliishi nao kama dada, na wanawake hao walikuwa watenda kazi pamoja nao, ili mafundisho ya Bwana yaingie hata katika vyumba vya wanawake bila lawama. Mfasiri huyu, ambaye alitaka kulinda kujizuia kwa mitume, alituachia pia ushuhuda kwamba Kanisa la kale lilijua umuhimu wa wanawake katika kueneza Injili.

Wanamatengenezo walilisoma fungu hili kwa jicho jingine. Luther katika Agano Jipya lake la mwaka 1522 aliandika juu ya dada aliyetwaliwa kuwa mke. Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Juni 1525, yeye mwenyewe alimwoa Katharina von Bora. Biblia yetu ya Kiswahili ya mwaka 1952 inafuata mkondo huo, kwani inasema "mke". Kila nyumba ya mchungaji katika Kanisa letu imejengwa, kwa sehemu, juu ya jibu hilo.

5. Shemasi au mke wa shemasi?

Sasa twafika mahali ambapo jambo hili linatugusa zaidi. Katika 1 Timotheo 3 Paulo anataja sifa za askofu, kisha za mashemasi, kisha katika aya ya 11 anawageukia wanawake, na katika aya ya 12 anarudi kwa mashemasi. Kigiriki kina neno moja tu, "gyne", katika aya ya 2, ya 11 na ya 12. Lakini Vulgata imetenganisha. Katika aya ya 2 na ya 12, panapozungumzwa habari ya kuwa mume wa mke mmoja, imeandika "uxor". Katika aya ya 11 imeandika "mulieres". Mfasiri wa Kilatini alikuwa na neno la wake mkononi, akalitumia kabla na baada ya aya hiyo, ila katika aya ya 11 hakulitumia.

Hatudai kwamba jambo hilo peke yake linathibitisha kuwa Paulo anawataja mashemasi wanawake. Lakini Johannes Chrysostomus, akihubiri kwa Kigiriki mwishoni mwa karne ya 4, alilifahamu fungu hivyo. Alikataa wazo kwamba linawahusu wanawake kwa jumla, akasema linawahusu wale wenye daraja la ushemasi. Kinyume chake, mfafanuzi wa Kilatini wa karne hiyo hiyo, ambaye hujulikana kama Ambrosiaster, aliwashutumu wafuasi wa Montanus kwa kulitumia fungu hili kuwaweka wanawake kuwa mashemasi. Kumbe tayari wakati huo wote walielewa nini kilicho hatarini katika neno hili moja.

Luther hapa alitafsiri "wake zao", na Biblia yetu ya Kiswahili nayo inasema vivyo hivyo. Ni lazima tuseme kwa heshima na kwa uwazi kwamba neno "zao" halimo katika Kigiriki wala katika Kilatini. Limeongezwa na wafasiri ili kueleza jinsi walivyolifahamu fungu. Msomaji wa Kiswahili asiyejua lugha hizo hawezi kuona kwamba kuna swali, kwa sababu tafsiri imekwisha kulijibu kwa niaba yake. Makanisa ya Kilutheri ya Afrika ya Mashariki yalipojadili utumishi wa wanawake, wengi walilisoma fungu hili wakidhani limekaa kimya juu ya wanawake watumishi. Ukimya huo ulitokana na silabi mbili za mfasiri.

6. Mulier na homo

Mwaka 585 maaskofu wa Wafranki walikutana katika sinodi mjini Mâcon. Gregorius wa Tours anasimulia katika Historia yake kwamba askofu mmoja alisimama akasema mwanamke, "mulier", hawezi kuitwa "homo". Wenzake walimjibu kwa Maandiko. Walimwonyesha kwamba Mungu alimwumba mwanamume na mwanamke akawaita wote wawili Adamu, yaani mtu. Tena walimwonyesha kwamba Bwana Yesu huitwa Mwana wa Adamu, kwa Kilatini mwana wa "homo", ingawa hakuzaliwa kwa mbegu ya mwanamume bali kwa Bikira. Basi, kama mama yake si "homo", jina hilo lingekuwa la uongo. Askofu yule akaridhika.

Inaelekea kwamba swali lake lilikuwa la lugha. Katika Kilatini cha Gaul neno "homo" lilikuwa likielekea kumaanisha mwanamume, kama lilivyo sasa katika Kifaransa. Lakini kutokana na habari hii fupi ikazuka hadithi kwamba sinodi ya Mâcon ilijadili kama wanawake wana roho, na hadithi hiyo bado hurudiwa na watu wanaotaka kulikashifu Kanisa. Kanuni za sinodi hiyo hazina neno lolote la namna hiyo. Wachungaji wetu wawe tayari kujibu.

Mwaka 1595 kulitokea Ujerumani kijitabu kisicho na jina la mwandishi, kilichodai kuthibitisha kwamba "mulieres" si "homines". Kilikuwa ni mzaha wenye sumu. Kiliiga njia ya wale waliokana Uungu wa Kristo kwa kudai neno la Maandiko lililo wazi, ili kuonyesha kwamba kwa njia hiyo mtu aweza kukana lolote. Aliyekijibu mwaka huo huo kwa kitabu cha kuwatetea wanawake alikuwa Simon Gedik, mwanatheolojia wa Kilutheri. Yafaa tukumbuke kwamba mmoja wa watangulizi wetu aliona kuwa mzaha juu ya ubinadamu wa mwenzake hauwezi kuachwa upite kama mzaha.

7. Kutoka "mulier" hata "Mama"

Katika Injili ya Yohana, Yesu anamwambia mama yake kule Kana, na tena msalabani, neno ambalo Vulgata inalitafsiri "mulier". Ndivyo anavyomwita pia Mariamu Magdalene kaburini, na mwanamke Msamaria kisimani. Katika Kigiriki wito huo hauna dharau. Lakini katika Kilatini uliwasumbua wengi, na wapo waliodai kwamba kwa kutomwita mama Yesu alikana kuzaliwa kwake. Augustinus aliwajibu kwamba Maandiko humwita hivyo kila mtu wa kike kwa jinsia yake, hata bikira, kama Hawa alivyoitwa alipokuwa ndiyo kwanza ameumbwa.

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili hawakuandika "mwanamke" katika mafungu hayo. Waliandika "Mama", maana walijua kwamba kwetu kumwita mtu mzima "Wewe mwanamke!" ni kumtukana. Hapa tafsiri yetu, kwa kuliacha neno, imeihifadhi maana yake. Tunapowalaumu wafasiri hao kwa "wake zao", haki inatudai tuwashukuru kwa "Mama".

Jambo la mwisho ni neno dogo "muliercula", yaani kijanamke, mwanamke wa kudharauliwa. Vulgata inalitumia katika 2 Timotheo 3:6 kwa wanawake waliochukuliwa mateka na walimu wa uongo, na wengi walilitumia kuonyesha kwamba wanawake hawafai kukaribia mafundisho. Lakini Erasmus, katika utangulizi wa Agano Jipya lake la Kigiriki la mwaka 1516, alilichukua neno hilo hilo akatamani kwamba "mulierculae" wote wazisome Injili na Nyaraka za Paulo. Hakulibadilisha neno. Alikiweka kitabu mikononi mwa wale waliodharauliwa kwalo.

Hitimisho

Tumeona kwamba "mulier" ni mwanamke, ni mke, ni mtumwa sokoni, ni mrithi halali, ni bikira, ni mtumishi wa Bwana. Kutokana na historia hii twapendekeza mambo matatu kwa mhubiri na mwanafunzi. Kwanza, tusijenge fundisho juu ya asili ya neno, maana asili nyingi zilibuniwa ili kuthibitisha yale yaliyokwisha kuaminiwa. Pili, kila neno lenye maana mbili linapotokea katika fungu lihusulo utumishi, tuwaambie washarika kwamba kuna maana mbili, hata kama sisi tumechagua mojawapo. Kuwaficha ni kuwanyang'anya sehemu ya Neno. Tatu, tuyapime matokeo ya ufafanuzi wetu katika maisha ya wale wanaotajwa. Maaskofu wa Mâcon hawakuishia kwenye kamusi. Walimwendea Kristo aliyezaliwa na mwanamke, wakauliza ni ufafanuzi gani usiomfanya Yeye kuwa mwongo. Na swali hilo bado lafaa kuulizwa katika kila mkutano wa sinodi, katika kila darasa na katika kila maandalizi ya mahubiri.